Mbio za Van Deventer Kuelekea Kilosa

Tarehe 22 Agosti 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliingia Kilosa na kuwakuta Wajerumani wamekwisha kuondoka. Walikuwa na njaa, na viatu vyao vimechanika. Mkuu wao, Jenerali Jaap van Deventer, alikuwa Kaburu wa miraba minne, mwenye sauti ya kukwaruza kwa sababu ya jeraha la kooni alilolipata alipokuwa akipigana na Waingereza. Sasa aliwapigania Waingereza haohao.

Ukiyajua maisha yake ya nyuma, utaelewa kwa nini alikwenda kwa kasi ile. Katika vita vya Makaburu na Waingereza vya 1899 hadi 1902, Van Deventer alifuatana na Jan Smuts kuvamia Koloni la Rasi kwa vikosi vidogo vya wapanda farasi: mzigo mwepesi, bunduki begani, leo hapa kesho kule. Mwaka 1914 Makaburu waligawanyika. Baadhi yao waliasi wakikataa kuipigania Uingereza, na ndugu wakaelekezeana mitutu. Van Deventer alisimama upande wa serikali na kuwaandama waasi jangwani. Kwa hiyo Smuts alipokuja Afrika Mashariki mapema 1916 kuongoza majeshi ya Uingereza, alijua nani wa kumtuma mbali.

Aprili mwaka huo Van Deventer aliondoka Arusha. Aliuteka mlima Lolkisale, akaingia Kondoa Irangi tarehe 19. Ramani ilionyesha ushindi mkubwa, lakini masika yalikuwa yameanza. Njia ziligeuka matope, farasi wakafa kwa mamia, chakula kikakwama nyuma. Usiku wa tarehe 9 Mei, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia hapo Kondoa akashindwa, ila Makaburu nao hawakuweza kupiga hatua hadi mvua zilipokatika. Mwishoni mwa Julai waliishika Dodoma, na Reli ya Kati ikawa imekatwa.

Kutoka hapo lengo lilikuwa kuifuata reli kwenda mashariki. Mpwapwa ilianguka tarehe 12 Agosti, baada ya mwendo mrefu katika nchi isiyo na maji. Kisha ikaja milima ya Usagara, ambako reli inajipenyeza katika bonde jembamba la mto Mkondoa. Aliyepita sehemu ile kwa treni anaijua: ukuta wa mlima huku, mto kule, na kona isiyokwisha. Hata wahandisi wa reli ya kisasa ya SGR walilazimika kutoboa mahandaki katika milima ya wilaya ya Kilosa. Mwaka 1916 kila kona ilikuwa mahali pa kuvizia. Kikosi kidogo cha askari wa Kijerumani wenye bombomu kiliweza kuwachelewesha maelfu kwa siku nzima, kisha kikavunja daraja na kurudi nyuma hadi kona inayofuata. Hivyo ndivyo walivyopigana Kidete, na hivyo ndivyo walivyopigana hadi Kilosa.

Siku nne baada ya Kilosa kuanguka, Smuts aliingia Morogoro. Alitumaini kwamba Lettow-Vorbeck angenaswa katikati, jeshi moja likitoka kaskazini na jingine magharibi. Lettow-Vorbeck hakungoja. Aliizunguka milima ya Uluguru akaelekea Kisaki, na jeshi lake likabaki zima. Hapa ndipo mbinu ya Makaburu ilipofika kikomo. Kumzunguka adui kwa farasi kunafaa katika nyika wazi ya kusini, dhidi ya adui mwenye mji au shamba la kulinda. Lettow-Vorbeck hakuwa na mji aliouona wa thamani kuliko askari wake, na wengi wa askari hao walikuwa Waafrika waliozoea nchi ya namna ile.

Van Deventer alikata kusini kupitia kijiji kiitwacho Ulaya hadi Kidodi, karibu na mto Ruaha Mkuu, akafika mnamo Septemba. Njia hiyo ilipita ukingoni mwa tambarare za Mikumi, nchi ambayo leo wasafiri wa barabara ya Iringa huitazama kwa furaha kwa ajili ya tembo na twiga wake. Kwa farasi wa Kikaburu ilikuwa kaburi. Mbung'o waliwaambukiza nagana, wakakonda na kuanguka. Wanadamu nao waliangushwa na malaria na kuhara damu. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, kimojawapo katika jeshi lake, kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliokuwa wazima kuweza kupigana walikuwa 116.

Farasi walipokufa na magari yalipokwama, mzigo uliwekwa juu ya vichwa vya watu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, na katika hizo ilimbidi ale yeye mwenyewe. Akitumia karibu kilo moja ya unga kwa siku, safari ya siku kumi na mbili kwenda na kurudi ilimeza karibu nusu ya mzigo wake. Kila Van Deventer alipozidi kusonga mbele ndipo wapagazi wengi zaidi walipohitajika, ili unga kidogo zaidi ufike. Hesabu hiyo aliyeilipa si jenerali. Wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa uchovu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, waliokufa katika vita vyote wanakadiriwa kupita 95,000.

Watu wa Kilosa walikuwa wamekwisha kuonja mengi. Ni katika wilaya hii, Msowero, ambako Chifu Mangungo alitia alama yake katika mkataba wa Mjerumani Carl Peters mwaka 1884. Wavidunda wa milima ya juu ya Kidodi waliingia katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, na adhabu ya Wajerumani ilikuwa kuchoma vyakula. Miaka kumi na moja baadaye majeshi mawili yalipita mashambani mwao, moja likirudi nyuma na jingine likifukuza, na yote mawili yalikuwa na njaa. Upande wa magharibi, Ugogo, kunyang'anywa nafaka na ng'ombe kulikofuatwa na ukame kulizaa njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Van Deventer alikuja kuwa mkuu wa majeshi yote ya Uingereza Afrika Mashariki mwaka 1917, akamfukuza Lettow-Vorbeck hadi Msumbiji bila kumkamata. Mjerumani huyo alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Van Deventer alirudi kwao na cheo cha Sir. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofia njiani haikuwafikia warithi wao kamwe.