Panda, kamba na msumari

Wadau, siku hizi mjini kila mwenye kijibustani anataka banda la kivuli: nguzo nne, mbao juu, ua litambae. Fundi anakuja na misumari yake, anagonga, kazi kwisha. Swali langu: kabla ya msumari, wazee wa Handeni na Korogwe waliunganishaje miti?

Walitumia panda. Unachagua nguzo yenye panda juu, mwamba unalala humo, uzito wote unashuka kwenye nguzo. Kamba ya magome ya mti inauzuia mwamba usiteleze, basi. Akili yote iko hapo: mti unabebwa na mti.

Kisha akaja Mjerumani. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Mashamba ya mkonge yakaenea kando ya njia, na bidhaa za viwandani zikapata mlango wa kuingilia bara. Msumari ni mmojawapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa wa kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 200,000. Halafu kamba za plastiki zikashusha bei, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uzalishaji ukaporomoka. Leo ukitaka kamba ya kufungia fito, rahisi kupata ni ya plastiki. Katika nchi ya mkonge, jamani!

Sasa turudi bustanini. Simwambii mtu afunge banda lake kwa kamba ya mkonge. Banda lisilo na paa hunyeshewa, na mkonge ukilowa mara kwa mara huoza. Lakini ile akili ya panda ichukueni. Mwambie fundi achonge ulimi kwenye nguzo na tundu kwenye mwamba, apigilie kijiti cha mti mgumu. Boriti zikipishana, kila moja ipunguzwe nusu ya unene zikaliane. Msumari ubaki na kazi ya kamba, yaani kuzuia kuteleza. Ukiubebesha mzigo, mbao ikikauka na kusinyaa utalegea, na kutu itamalizia.

Shuleni tulifundishwa kwamba maarifa yalikuja na reli. Mimi naona mengine yalikuwepo stesheni hata haijajengwa.

Nawakilisha.