Mabingwa Waliovuliwa Jezi

Timu iliyonishughulisha zaidi mwaka huu katika kusoma historia ya michezo haikufika hata msimu wa pili. Iliitwa Birmingham Americans, ya jimbo la Alabama nchini Marekani, na ilicheza mwaka 1974 tu katika ligi mpya ya WFL. Ligi hiyo ilianzishwa kushindana na NFL, ligi kongwe ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi kuliko unavyopigwa teke. Kanuni zake zote bado sijazielewa.

Mwanzo ulikuwa mtamu: walishinda mechi kumi mfululizo. Lakini fedha zilikauka, na kufikia mwisho wa msimu wachezaji walikuwa wamekaa wiki kadhaa bila mshahara. Kodi ya serikali nayo ilikuwa inadaiwa. Wakatishia kugoma. Walikubali kucheza fainali baada ya kuahidiwa pete za ubingwa iwapo wangeshinda. Wapinzani wao, Florida Blazers, walikuwa na hali mbaya zaidi, kwani walikuwa wamecheza kwa miezi bila malipo.

Tarehe 5 Desemba 1974, katika uwanja wa Legion Field, Birmingham waliongoza 22–0, kisha wakaponea chupuchupu, 22–21. Baada ya mechi, maafisa wa sherifu wakafika kuzikamata jezi na vifaa, kwa sababu duka lililoviuza lilikuwa halijalipwa.

Wengi husimulia tukio hili kama kichekesho. Nami nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Baadaye nikajiuliza ni nani aliyelipwa chochote usiku ule. Mwenye duka alikuwa na kitu cha kushika: jezi, hata zikiwa na matope. Mchezaji alidai jasho lililokwisha kumwagika, na hakuna afisa anayeweza kwenda kulikamata. Ndiyo maana naisoma habari hii kama historia ya ajira kuliko ya michezo. Atakayesema walijitakia akumbuke kwamba wengi wa wachezaji wa WFL walikuwa wameachwa na timu za NFL, au hawakuwahi kupata nafasi huko.

Timu ilikufa kabla ya msimu wa 1975. Mji ukapata nyingine, Birmingham Vulcans, na Oktoba mwaka huohuo ligi nzima ikavunjika, mechi za msimu zikiwa hazijaisha.