Mkasi wa chai na hataza iliyopitia London

Sisi waandika programu tukisikia neno hataza tunawaza kesi za simu na kodi tu. Leo tushike kifaa cha mkono: mkasi wa kuchumia chai.

Mkasi huu una mfuko. Unakata, majani yanaangukia humo. Wajapani waliutumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye wakautilia injini, ikawa mashine ya kubebwa na watu wawili, kila mmoja upande wake wa safu ya michai. Kericho na Bomet walizoea vidole: majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni.

Sasa chukulia fundi wa Konoin amebuni mkasi bora mwaka 1985. Nairobi wasingempa hataza! Sheria ya wakati huo ilisajili tu hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza, tena ndani ya miaka 3. Uhuru ulikuwa na miaka 22, lakini ubunifu wa mtu wa Bomet ulipaswa kupitia London kwanza. (Nauli na wakili juu yake mwenyewe.) Sheria yetu ikapitishwa 1989, ofisi ya KIPO ikaanza 1990, na sheria ya 2001 ikaleta KIPI.

Lakini mgogoro uliotikisa mashamba haukuwa wa nani alibuni nini. Mkasi ule wa zamani ulishakuwa mali ya wote. Watu waligombana juu ya ujira: mashine ikifanya kazi ya wachumaji wengi, pesa zao zinaenda wapi? Oktoba 2010 wafanyakazi chini ya chama cha KPAWU waligoma kupinga mashine hizo. Mei 2023 mambo yakaharibika kabisa, mashine za Ekaterra, kampuni iliyorithi mashamba ya Unilever, zikachomwa moto Kericho.

Jopokazi la kaunti ya Kericho lilikuwa limeshatoa ripoti Machi mwaka huohuo. Lilitaja ajira 30,000 zilizopotea katika miaka kumi, likapendekeza mgawo wa 60 kwa 40: sitini mashine, arobaini mikono.

Binafsi naona namba hizo mbili zina uzito kuliko hataza yoyote ya mkasi. Hataza hudumu miaka 20, kisha yeyote anaweza kunakili kifaa. Mgawo wa 60 kwa 40 hauna tarehe ya kuisha, na kila msimu lazima mtu asimame shambani ahesabu mikono.