Burnusi, Vazi la Mchungaji na la Amiri

Wasikilizaji wetu, watu wa pwani yetu walijua joho, vazi la heshima la maliwali na makadhi. Leo twataka kusema habari za vazi lililo kama ndugu yake, huko Moroko, Algeria na Tunisia, kwa Waarabu na Waberberi. Jina lake burnusi.

Burnusi ni nguo ndefu isiyo na mikono, ya sufu ya kondoo au ya manyoya ya ngamia. Hushonwa kidogo tu kifuani, na nyuma ya shingo ina kofia yenye ncha, iliyo moja na nguo yenyewe. Aghalabu wanawake ndio waliofuma kitambaa chake nyumbani. Mchungaji akiwa nayo hana haja ya blanketi usiku.

Nguo hii ni ya kale. Hadithi za Mtume Muhammad zaitaja miongoni mwa nguo asizovaa mwanamume aliyehirimia haji. Naye mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika kwamba Waberberi huvaa burnusi.

Mwaka 1830 Wafaransa waliuteka mji wa Algiers. Tangu 1832 hata 1847 Amiri Abd el-Kader alipigana nao, na picha zake zamwonyesha amevaa burnusi nyeupe. Lakini Wafaransa nao walijua thamani ya vazi hilo. Waliwavika burnusi nyekundu askari wenyeji wa farasi, walioitwa Spahi, na wakuu wa makabila waliokubali kuwatumikia. Basi rangi ya nguo ikawa habari: mtu alitazama mabega ya mwenzake akajua anamtumikia nani. Hata masetla wakawa na msemo wao, kuitoa burnusi jasho, maana yake kumtumikisha mwenyeji mpaka nguvu zimwishe.

Algeria ilipata uhuru mwaka 1962, na heshima ile ya kuvikwa na mtawala mgeni ikakoma. Burnusi yenyewe haikukoma. Hata leo, katika nyumba nyingi, bibi arusi huondoka kwao akipita chini ya burnusi ya babaye, kwamba angali katika ulinzi wake.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tuonapo vazi la heshima juu ya mtu, tusiulize bei yake tu. Tuulize pia ni nani aliyemvika, naye alitaka nini kwake.