KABLA YA VIDEO ZA BOTI ZA TANGA, BANDARI ZETU ZILIJAA WATU WALIOISHI NDANI YA MAJAHAZI WAKINGOJA UPEPO

Juzi jioni nilikuwa zangu Forodhani nakula urojo. Mbele yetu imetia nanga boti moja nyeupe ya tanga, mke na mume, wageni, wanaishi humo humo. Kijana anayewavusha akaniambia wanajiandaa kuvuka bahari kuu, wanasubiri upepo ugeuke. Mimi haraka nikatoa simu nirekodi. Mzee wa kahawa pembeni akacheka.

"Shikamoo babu, mbona unacheka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Zamani hapa ungerekodi mpaka simu ikazima. Bandari nzima ilikuwa watu wanaolala vyomboni."

Nikaenda kuchimba. Wadau, mzee hakutia chumvi hata kidogo.

Iko hivi. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ndiyo ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Kuanzia Aprili huingia kusi, hiyo ndiyo iliyowarudisha kwao. Hakukuwa na injini ya kubishana na upepo. Ukifika Januari, unakaa mpaka ugeuke. Na ukizembea kuondoka, Juni na Julai kusi inakuwa kali mno, bahari haifai kwa jahazi. Mambo haya ni ya kale kweli kweli: kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya 1 kinasema manahodha wa Kiarabu waliokuja pwani hii walioa hapa na kuijua lugha. Ukingoja upepo miezi mitatu, minne, utaacha kuoa?

Sasa humo ndani maisha yalikuwaje? Desemba 1938 baharia mmoja kutoka Australia alipanda bumu la Kuwait pale Aden, akashuka nalo mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, halafu akaandika alichokiona. Baharia wa kawaida hakuwa na chumba. Alilala juu, kwenye sitaha, na mali yake yote ilikuwa ndani ya kasha moja. Jiko ni moto ndani ya sanduku. Chakula ni wali, tende na samaki. Choo? Kijisanduku kimening'inia nje ya chombo, chini yako bahari. Na kwenye bumu hilo hilo walibanana na abiria zaidi ya mia.

Msidhani kungoja ni kukaa vijiweni. Huo ndio muda wa kazi. Maji yakipwa, chombo kinalazwa ufukweni, kinakwanguliwa uchafu wote wa bahari. Chini kinapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili wadudu wa baharini wasile mbao. Juu kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, harufu yake hamjambo! Nyufa zinazibwa kwa pamba na mafuta, ndiyo kukalafati. Tanga linashonwa, kamba zinakaguliwa moja moja. Hapo ndipo safari ilipoamuliwa. Ufa ulioachwa bandarini haukupi nafasi ya pili katikati ya maji.

Halafu kuna shehena ya kurudi nayo. Bumu lile liliingia kwenye delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, kwa sababu Ghuba miti ya kujengea ilikuwa shida. Jamaa walishinda kwenye matope, usiku mbu. Ukiingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe ukashangaa vyumba vyembamba, sababu ni hiyo hiyo: urefu wa boriti ndio upana wa chumba.

Na malipo? Hakuna mshahara wa mwezi. Mapato ya safari yaligawanywa mafungu, na wengi walishakula deni kwa nahodha kabla tanga halijapanda. Kijana wa miaka ishirini anapaka shahamu juani, huku anajua fungu lake lote linaweza kuishia kwenye deni. Kwa hiyo tukisema "maisha ya uhuru baharini", tuulize uhuru wa nani.

Tena tusipake rangi historia. Majahazi ya njia hii yalibeba pia watumwa, mpaka soko la Unguja likafungwa 1873 na hata baada ya hapo kwa siri. Hao nao walingojeshwa upepo, ila hawakuchagua chombo wala safari.

Sasa kilichoniumiza kichwa ni hiki. Mwaka huo huo wa 1938 mafuta yaligunduliwa Kuwait. Wale vijana walikuwa wanakwangua jahazi kwa msimu ujao, hawajui kwamba miaka michache mbele kazi yao yote itabaki hadithi. Mwaka 1946 mafuta yakaanza kuuzwa nje, na taratibu vijana wakaacha bahari. Majina ya wengi wao hatuyajui.

Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilirudi kwa mzee wa kahawa, nikamuuliza kama na yeye alikuwa baharia. Akanimiminia kikombe. "Mimi nilikuwa mtoto, naokota vipande vya pamba vya kukalafati. Nilikuwa nataka kwenda nao. Mama akakataa."

Haya wadau, nani kwenu ana babu au babu mzaa babu aliyekwenda na jahazi? Tuambieni hapo chini, na kama jina lake mnalijua, liandikeni.