Afrisa ilikuwa na sauti mbili, sisi tunataja moja

Wandugu, siku ya Mungu iliyopita tulikuwa watu wanne kwenye meza moja hapa Bunia, wote wenye lisansi, na spika ya mwenye nganda ikapiga Nakei Nairobi. Mmoja wetu, mtu wa sheria, akanyoosha kidole juu akasema: "Tabu Ley njo aliumba ule mwanamke." Wengine wakaitika. Mimi ni mtu wa agronomia, siko mwanahistoria, lakini lile neno "aliumba" lilinikaa vibaya mpaka usiku. Basi naandika hapa kile nilichoshindwa kusema pale, kwa sababu pale kelele ilikuwa nyingi na nilikuwa nimekunywa kidogo.

Kwanza niseme ninatoka wapi. Mimi ni mtoto wa Tchomia, kule chini ziwani. Mama yangu ameuza samaki ya chumvi tangu sijazaliwa. Baba alienda nikiwa na miaka minne, na hakuna haja ya kueleza zaidi. Nyumbani kulikuwa na redio ya mawe na kaseti moja tu ya muziki ambayo haikuwa ya kanisa, na ile kaseti ilikuwa ya Mbilia Bel na Afrisa International. Mwezi wa tano 2003, watu walipouawa Tchomia na sisi tukavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda upande wa Uganda, mama alibeba sufuria, nguo za watoto na ile kaseti. Redio ilibaki. Nilimuuliza nikiwa mkubwa: sasa kaseti bila redio ya nini? Akanijibu tu: "Njo ilikuwa karibu na mukono."

Nimekua nikidhani Mbilia Bel ni mwenye Afrisa. Nilipofika chuo kikuu ndipo niliambiwa kwamba hapana, mwenye Afrisa ni Tabu Ley, na huyu mama alikuwa "mwimbaji wake". Yote mawili yana ukweli, na kazi yangu leo ni kupima kila upande uzito wake.

Tabu Ley alizaliwa 1940 Bagata, kule Bandundu. Jina la Rochereau alilipata shuleni, kwa sababu alijua kujibu swali la mwalimu juu ya afisa mmoja wa kijeshi wa Ufaransa, Denfert-Rochereau, na wenzake wakamwita hivyo. Mwaka 1959 aliingia African Jazz ya Joseph Kabasele, yule Grand Kallé. Mwaka 1963 akatoka pamoja na mpiga gita Dokta Nico Kasanda, wakaunda African Fiesta. Hawakudumu, wakagawana, kila mmoja na Fiesta yake. Desemba 1970 Rochereau akapanda jukwaa la Olympia mjini Paris, jukwaa kubwa sana la Wafaransa, na watu wa Kinshasa walisikia kama ni wao wote wamepanda. Baada ya Olympia orkestra ikaitwa Afrisa. Mwaka 1972, wakati Mobutu alipotuambia tuache majina ya Kizungu, Rochereau akawa Tabu Ley.

Nimepita haraka hapo kwa sababu haya kila mtu anaweza kuyapata. Kile ambacho watu hawakiangalii ni mwanamke alikuwa fasi gani katika historia hii yote.

Alikuwa ndani ya maneno. Rumba ya Kongo tangu zamani ni muziki wa wanaume wanaoimba shida za mwanamke: mwanaume amevaa suti, anasimama mbele ya mikrofoni, analia kama mke aliyeachwa. Franco na OK Jazz walifanya hivyo, wote walifanya hivyo, na hakuna aliyecheka. Tabu Ley mwenyewe mwaka 1966 alitunga Mokolo nakokufa, wimbo ambao watu mbalimbali wanafikiria siku yao ya kufa: maskini, tajiri, mlevi, na pia mwanamke malaya. Mwanaume mmoja, watu wote wale. Ni wimbo mkubwa, sibishi. Lakini mwanamke yule anasikika kwa koo la Tabu Ley.

Na mwanamke alikuwa kwenye jukwaa pia, lakini kwa miguu na kiuno. Kule Olympia Rochereau alienda na wachezaji wa kike, walioitwa Rocherettes. Wanacheza, wanarudi nyuma.

Siseme kwamba wanawake waimbaji hawakuwapo. Lucie Eyenga aliimba kwenye diski za miaka ya 1950. M'Pongo Love alitoka na nguvu katika miaka ya 1970. Na hapa watu wa Ituri tungepaswa kuinua kichwa kidogo, kwa sababu yule aliyefungua mlango kwa kishindo alitoka katika jimbo letu la zamani: Abeti Masikini, aliyezaliwa Stanleyville, yaani Kisangani, mwaka 1954. Baba yake alikuwa Jean-Pierre Finant, mkuu wa serikali ya Jimbo la Mashariki mwaka 1960, mtu wa Lumumba, aliyeuawa kule Kasai mwezi wa pili 1961. Mtoto wa mtu huyo alikuwa na orkestra yake mwenyewe, Les Redoutables, akaimba Olympia 1973 na Carnegie Hall ya New York 1974. Sikuwahi kusikia jina lake kwa mwalimu yeyote.

Nimemtaja Abeti kwa sababu Mbilia Bel alitoka kwake. Jina lake la kuzaliwa ni Mboyo Moseka, mtoto wa Kinshasa wa 1959. Alikuwa na miaka kama 17 alipoingia kwa Abeti, mchezaji na mwitikiaji. Baadaye akapita kwa Sam Mangwana. Mwaka 1981 ndipo Tabu Ley alimchukua Afrisa. Kwa hiyo, ndugu yangu wa sheria, kabla Tabu Ley hajamgusa, huyu binti alikuwa na miaka ya kazi mwilini, na ile shule ya kwanza ilikuwa ya mwanamke. Sisi watu wa shamba tunajua: anayevuna siye kila mara aliyepanda.

Sasa tuangalie Afrisa yenyewe mwaka 1981. Tabu Ley alikuwa amekaribia miaka 41. Vijana wa Kinshasa walikuwa wameshaenda upande wa Zaiko Langa Langa na upande wa Papa Wemba na Viva la Musica. Muziki wa Afrisa ulikuwa mzuri lakini ulikuwa wa wakubwa, wa watu wa kukaa kwenye kiti. Alihitaji kitu kipya, na hili ninalisema kama maoni yangu: alimhitaji Mbilia Bel kama vile Mbilia Bel alivyomhitaji.

Mwaka 1982 ulitoka Mpeve ya Longo. Jina ni Kikongo, maana yake Roho Mtakatifu. Anayezungumza ni mwanamke aliyeachwa na bwana yake, anabaki kulea watoto peke yake. Mada hii ilikuwa imeimbwa mara mia. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii aliyeiimba ni mwanamke, na sauti yake haikuwa ya kulia. Ni sauti nyembamba, safi, imetulia, kama mtu anayeeleza jirani yake mambo yalivyokuwa. Wanawake wa Zaire waliupokea kama wa kwao. Mwaka uliofuata ikaja Eswi yo wapi, na hapo jina likawa kubwa. Halafu Nakei Nairobi, kwa Kilingala "naenda Nairobi", na Afrika Mashariki yote ikageuka. Afrisa walizunguka huku upande wetu wa jua, na mpaka leo ukiwa Nairobi au Kampala ukasema Tabu Ley, watu wa umri wa mama yangu wanamalizia "na Mbilia Bel".

Kwa nini wakati ule? Nimefikiri sana. Katika Septemba 1983 pesa ya zaire ilishushwa thamani vibaya. Mshahara wa baba, kama alikuwa nao, ukawa karatasi. Nyumba nyingi, Kinshasa kama Bunia kama Tchomia, zikaanza kuishi kwa biashara ndogo ya mama: mkate, chikwangue, samaki. Mwanamke aliyekuwa anangojea pesa ya sokoni kutoka kwa bwana sasa njo alikuwa analeta pesa ya sokoni. Sina hesabu za diski zilizouzwa kwa wanawake na zilizouzwa kwa wanaume. Lakini najua nani alinunua kaseti kwetu, na alinunua kwa pesa ya samaki.

Sasa nije kwenye upande ambao unaniumiza, maana nisipousema nitakuwa nimedanganya. Nyimbo za Mbilia Bel ndani ya Afrisa, sehemu kubwa sana, zilitungwa na Tabu Ley. Yale maneno ya mwanamke aliyeachwa, aliyedharauliwa, aliyechoka, yalitoka kwenye kalamu ya mwanaume mwenye wanawake wengi na watoto wengi. Tena alimuoa Mbilia Bel mwenyewe, wakazaa binti, Melodie. Kwa hiyo mtunzi alikuwa bwana, na kiongozi wa orkestra alikuwa bwana, na aliyelipa mshahara alikuwa bwana huyo huyo. Mtu wa sheria angesema nini juu ya kontrati kama hiyo?

Kisha orkestra ikapata mwimbaji mwingine wa kike, Kishila Ngoyi, tunayemjua kwa jina la Faya Tess. Mwaka 1987 Mbilia Bel akatoka. Alienda Libreville, halafu Paris, akafanya kazi na mpiga gita Rigo Star, na 1988 albamu ya Phénomène ikatoka. Haikuwa rumba ya polepole ya Afrisa. Ilikuwa ya haraka, ya Paris, ya kucheza. Wengi hapa wanasema "alipotoka kwa mzee alikwisha". Ninawaomba wasikilize Phénomène kwanza, na baada ya hapo tuongee.

Na mzee? Faya Tess hakuwa mwimbaji mbaya hata kidogo, na sipendi vile watu wanamtaja kama kiraka. Ila Afrisa haikurudi tena pale ilipokuwa kati ya 1982 na 1987. Tabu Ley alitoka nchini, mwaka 1990 akaimba Trop, c'est trop, ambayo utawala wa Mobutu haukuipenda, akakaa Ufaransa, akakaa Marekani. Alirudi baada ya Mobutu kuanguka 1997, akaingia siasa, akawa mbunge wa mpito, halafu makamu wa gavana wa Kinshasa. Mwaka 2008 kiharusi kilimpiga. Alikufa Brussels tarehe 30 Novemba 2013, akazikwa Kinshasa kwa heshima ya taifa. Siku zile redio zilipiga nyimbo zake mchana na usiku, na mara nyingi sauti iliyokuwa inasikika ilikuwa ya Mbilia Bel, huku mtangazaji akisema "marehemu Tabu Ley". Hapo ndipo nilielewa kwa mara ya kwanza jinsi jina linavyoweza kukaa juu ya sauti ya mtu mwingine.

Kwa hiyo "aliumba"? Hapana. Aliandika, akapanga, akalipa, akamweka mbele. Hayo ni makubwa na ni yake. Lakini maneno yale yale yakiimbwa na Tabu Ley peke yake yangekuwa rumba nzuri nyingine ya mwanaume anayelia kwa niaba ya mke wa mtu. Yeye mwenyewe alilijua hilo, maana angeweza kuyaimba, na hakuyaimba.

Nilishuka Tchomia baada ya ile mazungumzo ya meza, ile barabara ya Bogoro mnayoijua, vumbi mpaka kwenye meno. Nikamweleza mama kwamba nyimbo zake zilitungwa na bwana ya mwimbaji. Nilifikiri atashangaa. Alikuwa anapanga samaki kwenye kikapu, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Weye mutoto, kama mwanaume alijua ile mambo yote, mbona aliifanya?"

Nilikosa jibu. Nikamuonyesha kwenye simu sauti ya Melodie, yule binti wao, aliyeimba pamoja na baba yake kwenye albamu ya Tempelo ya mwaka 2006. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niirudilie.

Kaseti bado iko, lakini jalada lilipotea 2003. Kama kuna mtu kati yenu hapa Bunia, Mahagi au Aru ambaye mzee wake aliacha diski za Afrisa za kabla ya 1987, aniandikie. Siombi kuzinunua. Mama anataka kuona ile picha tena.