Masomo ya awali ya udaktari baada ya shahada (Marekani)

Ni kozi za sayansi zinazosomwa nchini Marekani na mtu mwenye shahada ya fani nyingine, kama historia au muziki, anayetaka kuingia chuo cha udaktari. Huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, nayo yaweza kuwa ya fani yoyote. Vyuo vingi hudai mwaka mmoja mmoja wa baiolojia, kemia, kemia ogania na fizikia, pamoja na maabara. Aliyezoea kuandika insha hujikuta akipima asidi kwa bureti hadi jioni. Mzigo mkubwa ni mpangilio: kemia ogania haisomwi kabla ya kemia ya msingi, hivyo hata mwanafunzi hodari hulazimika kufuata ngazi. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha programu yake mwaka 1955; Bryn Mawr, Pennsylvania, kikafuata mwaka 1972. MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, tangu 2015 hupima pia saikolojia na sosholojia, nafuu ya kweli kwa msomi wa sayansi za jamii. Tangu kutuma maombi hadi kuanza udaktari hupita takriban mwaka mzima, na katika mwaka huo wengi hufanya kazi hospitalini au katika utafiti. Baadhi ya programu zina makubaliano na vyuo vya udaktari ya kuuondoa mwaka huo wa kusubiri.